Nanganga: Njia Panda ya Korosho, Karanga na Ming'oko

Nanganga ni njia panda katika bonde la mto Lukuledi, kusini mwa Tanzania. Hapo barabara kuu itokayo Mingoyo kwenda Masasi inaachana na barabara ya kaskazini inayopanda hadi Ruangwa na kuendelea mpaka Nachingwea. Upande wa kusini umesimama ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Upande wa kaskazini ndiyo nchi ya Wamwera, yenye vilima, misitu ya miombo na mashamba ya mikorosho. Mto wenyewe huteremka mashariki na kuingia katika ghuba ya Lindi. Abiria wengi wanaopita hapa wana haraka ya kufika Masasi, Tunduru au Songea, na vitabu vya utalii havisemi mengi juu ya eneo hili. Ni kosa kuliruka, kwa sababu ndani ya miaka mia moja hivi bonde hili limepitiwa na misafara ya pembe, wamisionari, majeshi mawili ya Ulaya, matrekta ya serikali ya Uingereza na wapigania uhuru wa Msumbiji. Wote waliopita waliukuta mlo wa wenyeji, na karibu kila mmoja wao alitaka kuubadilisha au kuuchukua.

Wakazi wa zamani wa eneo hili ni Wamwera, pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde waliohamia kwa nyakati tofauti kutoka ng'ambo ya Ruvuma na kutoka uwanda wa juu. Chakula chao cha asili kilikuwa mtama, kunde na njugu mawe, mazao ya Afrika yenyewe. Mji mdogo wa Mtama, ulio kwenye barabara hiyohiyo upande wa Lindi, una jina la nafaka hiyo mpaka leo. Muhogo, mahindi na karanga vilikuja baadaye kutoka Amerika kupitia kwa Wareno, na mkorosho ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo kutoka Brazili katika karne ya 16. Kwa muda mrefu mkorosho ulikuwa mti wa kivuli na matunda tu karibu na nyumba. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja ungelipa ada za shule za mikoa miwili.

Chini ya mazao ya shambani kulikuwa na akiba nyingine, nayo ilikuwa msituni. Ming'oko ni viazi vyembamba vya porini, jamaa ya viazi vikuu, vinavyomea chini ya mtambaa unaozunguka miti. Hakuna anayevipanda wala kuvipalilia. Mchimbaji hulitambua shina kwa jicho la uzoefu, kisha hufuata mzizi kwa jembe au kijiti mpaka akifikie kiazi. Katika miaka ya shibe ming'oko ilikuwa kitafunio, na katika miaka ya njaa ikawa mlo wenyewe. Historia ya bonde la Lukuledi ina miaka ya njaa mingi, na mara nyingi njaa hiyo haikuletwa na ukame.

Katika karne ya 19 bonde hili lilikuwa mojawapo ya njia za misafara kutoka ziwa Nyasa kwenda bandari za Lindi, Mikindani na Kilwa. Wayao waliimiliki sehemu kubwa ya biashara hiyo ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA ya Zanzibar aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa mpaka Masasi, wakaanzisha makazi chini ya milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Misheni ilijengwa upya, na leo kanisa kuu la Anglikana la Masasi liko chini ya mlima Mtandi, moja ya mandhari nzuri kabisa za kusini kwa msafiri anayeyafuata mawe hayo makubwa.

Utawala wa Wajerumani uliingia kutokea pwani. Boma lilijengwa Lindi, na kutoka hapo maofisa walijaribu kuwatiisha wakuu wa bara. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekaa katika uwanda wa Makonde, alikataa mwaka 1890 kwenda kuripoti kwa kamishna wa Ujerumani von Wissmann na akamjibu kwa barua ya Kiswahili. Alipambana kwa miaka kadhaa, na mwaka 1899 akavuka kwenda Msumbiji. Katikati ya miaka ya 1890 watawa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria, walifungua misheni za Lukuledi na Nyangao, moja kila upande wa Nanganga.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, ambako watu walilazimishwa kulima pamba kwa faida ya wengine, nao wakaanza kwa kuing'oa. Mwezi wa Agosti moto ulikuwa umefika Liwale, ambako Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani tarehe 14, na mwisho wa mwezi Wamwera walisimama. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao alipoteza maisha wakati wa kukimbia. Jibu la serikali ya Wajerumani liliielekea jamii nzima. Majeshi yao yalichoma vijiji, yakateketeza maghala na kuchukua nafaka na mbegu, ili njaa imalize kile ambacho risasi hazikukimaliza. Watu walirudi msituni kutafuta mizizi. Haifai kuitaja ming'oko kama kitafunio cha barabarani tu bila kukumbuka kwamba iliokoa maisha ya wengi katika miaka hiyo.

Mwaka 1906, majivu yakiwa bado ya moto, mambo mawili yalitokea yanayoonyesha jinsi Wajerumani walivyolitazama eneo hili. La kwanza ni safari ya Karl Weule, mtaalamu wa tamaduni kutoka Leipzig, aliyepita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vinyago, vyombo vya nyumbani na sauti za nyimbo alizozinasa kwa mashine ya nta. Vitu vingi alivyochukua vilipelekwa katika jumba la makumbusho la mji wake. La pili ni kuanzishwa kwa misheni ya Ndanda na Askofu Thomas Spreiter, chini ya ukingo wa Makonde, mwendo mfupi magharibi mwa Nanganga, mahali penye chemchemi isiyokauka.

Ndanda ndiyo alama kubwa zaidi ya Wajerumani iliyobaki hai katika bonde hili. Mwingine angetarajia kukuta magofu, lakini anakuta mji mdogo wenye abasia, hospitali ya Mtakatifu Benedikto, shule, karakana na kiwanda cha uchapaji. Daktari Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyefika mwaka 1927, aliijenga huduma ya tiba ya Ndanda kwa miongo mingi, na wagonjwa walimfuata kutoka hata ng'ambo ya Ruvuma. Vitabu vya Kiswahili vyenye chapa ya Ndanda na Peramiho vimesomwa na watu wengi wasiojua Ndanda iko wapi. Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, mzaliwa wa Lupaso karibu na Masasi, alisoma hapa kabla ya kwenda Kigonsera na Pugu. Maji ya chemchemi hiyo sasa huuzwa katika chupa zenye jina la Ndanda, na anayekula Nanganga huyaagiza pamoja na chakula.

Upande wa Lindi, wakati huohuo, kulikuwa na uchimbaji wa aina nyingine. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin, wakianza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kazi ilifanywa na mamia ya vibarua wa Kitanzania wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, fundi aliyejifunza kuitambua na kuiandaa mifupa hiyo vizuri kuliko Wajerumani wengi waliokuja. Wapagazi waliibeba kwa kichwa na mabega hadi bandarini, mwendo wa siku 4 hivi. Mifupa ya mnyama mmoja, yenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimama Berlin tangu mwaka 1937. Hoja kwamba kusini ipate sehemu ya haki yake katika urithi huo ni ya msingi, na imekuwa ikitolewa bungeni na kwingineko.

Vita Kuu ya Kwanza vilifika bondeni mwaka 1917. Tarehe 19 Julai majeshi ya Uingereza yaliyotokea Kilwa yalipigana na Wajerumani Narungombe, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Ruangwa. Miezi mitatu baadaye, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, yalitokea mapigano ya Mahiwa na Nyangao, upande wa mashariki wa Nanganga, ambayo ni kati ya makali kabisa yaliyopiganwa Afrika Mashariki. Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alikuwa na askari wapatao 1,500, wengi wao Waafrika. Dhidi yake walikuja karibu 5,000, wakiwemo wa brigedi ya Naijeria, na jemadari wao Beves aliwatuma mbele mara kwa mara kuishambulia mitaro. Upande wa Uingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Lettow-Vorbeck alipoteza mia kadhaa, lakini hakuwa na wa kuwajaza, akarudi nyuma kupitia Lukuledi na Chiwata, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma huko Ngomano.

Katika simulizi za vita hivyo majina ya majemadari huandikwa kwa wino mzito, na wapagazi hutajwa kwa mkupuo. Kwa wakulima wa Lukuledi, kila jeshi lililopita lilikuwa ghala lililobomolewa. Wajerumani walikuwa wamekatiwa bandari zote, wakaishi kwa chakula cha vijiji. Waingereza walihitaji wapagazi maelfu kwa maelfu, na wapagazi wakahitaji unga. Mwanamume aliyechukuliwa kubeba mzigo wakati wa kulima aliacha shamba tupu nyuma yake.

Utawala wa Uingereza ulipoingia, Jimbo la Kusini lilipata sifa ya kuwa pembe iliyosahauliwa, na watumishi wa serikali waliopelekwa huko walihesabu hilo kama adhabu. Sifa hiyo iligeuka ghafla baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na raia wake walikuwa wakipimiwa chakula kwa vibali. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni ya Unilever, alipendekeza kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kutoa mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, zigawanywe katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 55, zaidi ya nusu ya yote, yalipangiwa Jimbo la Kusini. Yaliyobaki yaligawanywa kati ya Kongwa, Urambo, Kenya na Rodeshia ya Kaskazini.

Hivi ndivyo Nachingwea ilivyoingia katika ramani. Kusini kulikuwa na mvua nzuri kuliko Kongwa, lakini hakukuwa na bandari yenye kina wala reli. Ikaamuliwa vyote vijengwe. Kwa kuanzia, reli ilijengwa kutoka gati ya Mkwaya kwenye hori ya Lindi, ikapita Ruo na kupanda hadi Nachingwea, na bomba la mafuta likatandazwa kwa ajili ya matrekta. Bandari mpya ilichimbuliwa Mtwara, kijiji cha wavuvi kilichogeuzwa kuwa mji, kwa sababu maji yake ni ya kina kuliko ya Lindi na Mikindani, na reli ikaungwa hadi huko. Miombo mirefu ilikatwa kwa mashine zilizofungwa minyororo kati yake. Baadhi ya mashine hizo zilikuwa vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kiwanda cha Vickers.

Mpango ulishindwa kabla reli haijakamilika. Visiki na mizizi vilivunja majembe. Udongo wa Kongwa uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi, karanga zikakwama ardhini. Mashine zilikuwa za kuokoteza kutoka maghala ya vita, vipuri havikupatikana, na watu walioendesha kazi waliipima kwa ekari zilizosafishwa bila kuuliza kitakachoota. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kutofanya majaribio. Wakulima wa Kimwera walikuwa wanalima karanga katika udongo huohuo, kwa vipande vidogo, wakichanganya na mtama na muhogo, wakijua ni mvua ipi ya kupandia. Hakuna aliyeona haja ya kuwauliza. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Shirika dogo zaidi liliendelea kwa muda na mashamba machache ya Nachingwea, lakini ndoto ya mashamba 55 ilikuwa imekufa. Reli ilifungwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, na vyuma vikang'olewa.

Kilichobaki ni mji wenye mpangilio usio wa kawaida kwa bara la kusini. Nachingwea ina barabara pana, nyumba zilizojengwa kwa wataalamu wa kigeni, uwanja wa ndege na mashamba yaliyoendelea kuitwa kwa namba. Anayependa historia hupata hapa kitu kisichopatikana Kongwa wala Urambo kwa urahisi: mji mzima uliojengwa kwa ajili ya zao moja ambalo halikulipa, na ambao wakazi wake waliugeuza kuwa wao.

Moja ya mashamba hayo ya namba lilipata umaarufu wa aina nyingine. Mwaka 1965 Tanzania ilikipa chama cha FRELIMO eneo la Nachingwea kwa mafunzo ya kijeshi na ya siasa, na kambi hiyo, iliyojulikana kama Farm 17, ikawa kitovu cha vita vya ukombozi wa Msumbiji. Samora Machel aliiongoza na baadaye akawa mkuu wa majeshi ya chama. Wakufunzi wa Kichina walifundisha mbinu za msituni, na vijana kutoka makabila yote ya Msumbiji walikutana hapa kwa mara ya kwanza, wakajifunza Kireno na wakajifunza kulima. Kazi ya shamba ilikuwa sehemu ya mafunzo, kwa hoja kwamba mpiganaji asiyejilisha ataishia kumnyang'anya mkulima. Kwa bonde lililonyang'anywa na kila jeshi lililopita, hoja hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Baada ya kuuawa kwa Eduardo Mondlane, kiongozi wa chama, Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, uongozi wa Samora uliozaliwa Nachingwea ndio uliokichukua chama. Mwezi Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma na kuanza safari ya nchi nzima hadi Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Kambi yenyewe ina sura yake ya giza pia, kwani wapinzani wa chama walifikishwa hapo mwaka huo kujibu mashtaka mbele ya umati, na baadhi yao hawakurudi tena kuonekana.

Wakati serikali zilipokuwa zikishughulika na karanga, wakulima walikuwa wanapanda mikorosho. Mti huo ulivumilia mchanga na kiangazi, haukuhitaji trekta, na chini yake mtu aliweza kulima muhogo wake na kunde zake mpaka matawi yafunge. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi, nyingi zikitoka kusini. Kisha watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mbali na miti yao, magugu yakatawala, bei za serikali zikashuka, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ufufuo ulikuja kutokana na kazi ya watafiti wa Naliendele, Mtwara, waliothibitisha matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga na kuzalisha miche bora, pamoja na soko lililofunguliwa tena. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walitoa bei ya chini, Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaonekana tena katika barabara ya Nanganga, safari hii yakibeba magunia.

Ruangwa, iliyofanywa wilaya kamili mwaka 1995, ndiyo iliyonufaika zaidi katika miaka ya karibuni. Mbunge wake kuanzia mwaka 2010 hadi 2025, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi 2025. Timu ya soka ya Ruangwa, Namungo, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, jambo ambalo mji wa ukubwa wake hautarajiwi kulifanya. Chini ya vilima vya wilaya hiyo kuna madini ya kinywe, ambayo kampuni za nje zimekuwa zikiyafuatilia. Barabara ya Nanganga hadi Ruangwa, kilomita 53.2, imejengwa kwa kiwango cha lami, na ndiyo iliyoigeuza njia panda kuwa kituo cha kweli, kwa kuwa safari iliyokuwa ya vumbi na matope sasa inamruhusu mtu kula Nanganga mchana na kulala Ruangwa au Nachingwea.

Mlo wa hapo unafaa kuelezwa kwa msimu, maana bonde hili halina orodha moja ya chakula ya mwaka mzima. Masika yakiisha huja karanga mpya, huchemshwa na maganda yake na kuuzwa kwa kopo. Pamoja nazo huja njugu mawe, ambazo huchemshwa kwa muda mrefu zaidi na hushibisha kuliko karanga. Kuanzia Mei ufuta hukatwa na kusimamishwa mashambani ukauke. Sehemu kubwa huenda mnadani. Kiangazi ndio wakati wa ming'oko: huoshwa udongo, hujazwa sufuriani na kuchemshwa, na mlaji huimenya mwenyewe kwa vidole akiila kwa chumvi, peke yake au kwa chai. Nyama yake ni nyeupe, kavu kidogo, na ina utamu usio wa viazi vitamu. Julai na Agosti mbaazi hukauka, na mbaazi za nazi kwa wali au kwa ugali wa muhogo huwa chakula cha kila kibanda. Wakati huohuo ni wa jando na unyago. Vigoma hukesha, wali hupikwa kwa masufuria makubwa, kuku huchinjwa, na mgeni anayepita kijijini hasubiri kualikwa mara mbili.

Ugali wa muhogo ndio nguzo ya mwaka wote. Mihogo humenywa, hukaushwa kuwa makopa, hutwangwa na kuchekechwa, na ugali wake hutoka laini na wa kuvutika. Mboga yake ya kawaida ni kisamvu kilichotwangwa na kuungwa kwa karanga au nazi, dagaa, au papa mkavu anayeletwa kutoka Lindi na Mtwara. Panya wa mashambani, wanaoitwa samaki nchanga, nao ni kitoweo cha heshima kwa wengi. Hutegwa baada ya mavuno, huokwa na kukaushwa kwa mishikaki ya vijiti, na hakuna sababu ya mgeni kuwacheka walao, kwani ni nyama safi ya mnyama aliyelelewa na nafaka.

Oktoba huleta mabibo. Tunda hilo, jekundu au la njano, hukamuliwa kinywani palepale chini ya mti. Maji yake ni matamu na yenye ukakasi, na huacha doa la kudumu kwenye nguo. Yakikamuliwa na kuachwa yachachuke, hutoka uraka, kinywaji cha msimu ambacho hakidumu siku nyingi wala hakisafirishwi mbali. Mbegu za korosho, kwa matumizi ya nyumbani, hukaangwa nje juu ya bati lililotobolewa mpaka mafuta ya ganda yashike moto, kisha humwagiwa mchanga au majivu na kubanguliwa moja moja kwa kijiti au jiwe. Moshi wake unawasha, mafuta yake yanaunguza ngozi, na kazi hii imekuwa ya wanawake kwa miaka yote. Korosho changa, kabla ganda halijawa gumu, hupasuliwa na kupikwa kwa nazi kama mchuzi, na hicho ndicho chakula ambacho mgeni wa kusini asiondoke bila kukila.

Sehemu iliyo kubwa zaidi ya korosho haipiti jikoni kabisa. Hukusanywa kwenye vyama vya msingi, hupimwa na kuwekwa ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, na kuuzwa mnadani chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kusini katika miaka ya 1970 na 1980, kikiwemo cha Nachingwea, vilikaa miaka mingi bila kufanya kazi iliyokusudiwa, na mzigo mwingi umekuwa ukivuka bahari na maganda yake kwenda India na Vietnam. Mkulima wa Mbekenyera au Lukuledi huuza mbegu, na ajira ya kuibangua huipata mtu mwingine. Hili ndilo jambo la kwanza linalostahili kurekebishwa katika uchumi wa bonde hili.

Karanga nazo hazikuondoka na Waingereza. Utafiti wa mazao uliendelea Nachingwea na Naliendele kwa kiwango kidogo na cha subira, ukiwashirikisha wakulima wenyewe, na mwaka 2009 Tanzania iliidhinisha mbegu mpya za karanga zilizopewa majina ya kusini: Mnanje, Mangaka, Masasi, Naliendele na Nachingwea. Mbegu ya Nachingwea 2009 hupandwa na wakulima wadogo, kwa jembe la mkono, katika wilaya ileile ambako mamilioni ya pauni yalizama. Anayetaka kuyaona na kuyala yote kwa safari moja achague Oktoba, mwezi wa mabibo na wa mwanzo wa minada, aanzie Lindi, apite Mahiwa na Nyangao, ashuke Nanganga kwa chakula cha mchana, aende Ndanda na Masasi, kisha arudi kwa njia ya Nachingwea na Ruangwa.